Mwenye Anga ni Nani?

Sheria ya kwanza ya anga inayotajwa na wanahistoria ilitungwa na polisi. Ilikuwa Aprili 1784, hata mwaka haujatimia tangu ndugu wawili wa Kifaransa, akina Montgolfier, waonyeshe hadharani puto lao la hewa moto. Mkuu wa polisi wa Paris akatoa amri kwamba mtu yeyote asirushe puto la namna hiyo juu ya mji pasipo kibali. Maputo yale yalikwenda na moto chini yake, na moto ukiangukia paa la nyumba katika mji uliobanana hauchagui nyumba ya nani. Kwa hiyo mkuu yule alikuwa na haki. Naanza na habari yake makusudi, ili msomaji asidhani kwamba mimi ni miongoni mwa wale wanaoona hila katika kila amri ya serikali. Anga linahitaji sheria.

Nimefundisha historia kwa muda mrefu kabla ya kupewa ukuu wa chuo cha ualimu, na katika muda wote huo nimekutana na neno moja ambalo limeitumikia serikali za kila namna, za wafalme, za wakoloni na zetu wenyewe. Neno hilo ni usalama. Ugumu wake ni kwamba mara nyingi lina ukweli ndani yake. Kama lingekuwa uongo daima, watu wangekwisha kulizoea na kulipuuza. Katika kurasa hizi nataka kusimulia jinsi neno hilo lilivyotumika huko Marekani kulifunga anga, na jinsi wenye kulifunga walivyonaswa na mashine zao wenyewe.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yalikutana Paris mwaka 1919 na kukubaliana kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kabla ya vita wanasheria walikuwa wakibishana kama anga liwe huru kama bahari kuu, lakini baada ya watu kuona mabomu yakidondoshwa kutoka mawinguni ubishi huo ukafa. Mkataba mwingine ulitiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na huo ndio unaoongoza usafiri wa anga hadi leo. Nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zilijiunga nao baada ya kupata uhuru. Ibara yake ya 9 inairuhusu dola kuzuia ndege zisipite juu ya maeneo fulani kwa ajili ya ulinzi au usalama wa umma. Ibara hiyohiyo inaweka na masharti: eneo linalofungwa liwe na ukubwa wa kiasi, na katazo lisibague ndege kwa taifa lake. Waliotunga maneno hayo walikuwa wakifikiria mataifa. Hawakufikiria kwamba siku moja swali lingekuwa ndege ya polisi na ndege ya mwandishi wa habari, zote mbili za taifa moja, juu ya mtaa mmoja.

Marekani ilikuwa na swali jingine la kujibu, nalo lilijibiwa kwa sababu ya kuku. Mkulima mmoja wa North Carolina alikuwa na mabanda ya kuku karibu na uwanja mdogo wa ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi likauchukua uwanja ule, na ndege za vita zikawa zinatua zikipita futi 83 tu juu ya shamba lake, yaani kama mita 25. Kuku walishtuka, wakarukia kuta na kufa; siku nyingine walikufa sita hata kumi, na kwa jumla akapoteza kama 150. Biashara ikamfia. Akaishtaki serikali, na shauri likafika Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1946. Majaji walisema kwamba ile kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza, kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni, haina nafasi katika dunia ya ndege. Anga ni njia kuu ya umma. Lakini sehemu ya chini, ile ambayo mwenye ardhi anaitumia, ni yake, na serikali ikimharibia hapana budi imfidie. Nilikuwa nikipenda kuwasimulia wanachuo shauri hili kwa sababu lilikuwa likiwachekesha, na mwanachuo aliyecheka hasahau. Neno la kushika hapa ni hilo la njia kuu ya umma.

Miaka 12 baadaye waandishi wa habari waliingia katika njia hiyo. Julai 1958 kituo cha televisheni cha KTLA cha Los Angeles kilirusha helikopta yenye kamera na mitambo ya kupeleka picha moja kwa moja hewani. Kazi hiyo ilibuniwa na mhandisi wao John Silva, na shida yake kubwa ilikuwa uzito, maana kamera za wakati huo hazikuwa kitu cha kubeba begani. Agosti 1965, machafuko yalipozuka katika mtaa wa Watts wa mji huohuo na watu 34 wakafa, wananchi waliona kutoka juu moshi na moto wa mji wao wenyewe wakiwa wamekaa sebuleni.

Lakini siku ambayo ilinionyesha mimi maana ya kamera ya angani ni tarehe 29 Aprili 1992. Mahakama ilikuwa imewaachia huru askari polisi walioshtakiwa kwa kumpiga Rodney King, kipigo ambacho mkazi mmoja alikuwa amekipiga picha usiku kutoka roshani ya nyumba yake. Mji ukawaka. Kwenye njia panda ya Florence na Normandie polisi walizidiwa wakaondoka, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipita tu na mzigo wake akavutwa chini na kupigwa karibu kufa. Helikopta ya habari ilikuwa juu yao. Watu wanne wakazi wa maeneo ya karibu waliona jambo hilo katika televisheni, wakatoka majumbani mwao, wakaenda wakampakia dereva yule katika lori lakelake na kumfikisha hospitali. Yeye alikuwa Mzungu. Wao walikuwa Weusi. Polisi hawakuwapo. Picha zilezile baadaye zilitumika mahakamani dhidi ya waliompiga. Kwa hiyo kamera ya angani siku ile haikuwa upande wa waandamanaji wala upande wa polisi, na mtu mmoja aliishi kwa sababu yake.

Nisiwapambe waandishi kupita kiasi. Helikopta za habari zina kelele, zina ushindani wa kijinga, na mara nyingi zimepoteza saa nzima zikifuata gari la mhalifu barabarani kana kwamba hilo ndilo jambo kubwa la siku. Tarehe 27 Julai 2007 helikopta mbili za vituo viwili vya televisheni ziligongana juu ya mji wa Phoenix zikiwa zinafuata gari la namna hiyo, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Mtu anayesema kwamba anga lenye ndege nyingi ni hatari anasema kweli.

Sasa nataka msomaji aliweke kando ya hayo shauri lingine, maana mimi nililisoma nikabaki nimeduwaa. Katika wilaya moja ya Florida polisi walimshuku mtu kuwa analima bangi katika banda la vioo nyuma ya nyumba yake. Kutoka barabarani hawakuweza kuona ndani. Wakapanda helikopta, wakashuka hadi futi 400, yaani kama mita 120, wakachungulia katika uwazi wa paa lililokosa vipande viwili, wakaona walichokitafuta. Hawakuwa na hati ya upekuzi. Mahakama ya Juu ikasema mwaka 1989 kwamba hawakuihitaji. Na sababu? Kwamba sheria iliruhusu helikopta kuruka kwa kimo hicho, hivyo mwananchi yeyote angeweza kuwa pale juu na kuona alichokiona askari. Msomaji aisome sababu hiyo mara mbili. Haki ya polisi kutazama chini iliegemezwa juu ya haki ya raia ya kuwa angani. Ukimwondoa raia angani ukamwacha polisi peke yake, kile kilichoegemewa kimekwenda wapi?

Kumwondoa raia angani si kazi ngumu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1958, ina kanuni ya 91.137 inayohusu kufunga anga kwa muda. Kanuni hiyo inataja sababu tatu. Ya kwanza ni kuwalinda watu na mali dhidi ya hatari iliyopo ardhini. Ya pili ni kuzipa nafasi ndege za uokoaji wakati wa maafa. Ya tatu ni kuzuia msongamano wa ndege za watazamaji juu ya tukio linalovuta watu wengi. Chini ya sababu ya pili na ya tatu, ndege yenye waandishi wa habari wanaotambulika inaweza kuingia, ilimradi itoe taarifa ya safari yake na ikae juu ya kimo cha ndege za kazi. Waliotunga kanuni walimkumbuka mwandishi wakamwachia mlango. Chini ya sababu ya kwanza mlango huo haupo: anayeingia ni yule tu anayeelekezwa na ofisa msimamizi wa shughuli za dharura pale pale mahali pa tukio. Kwa hiyo afisa hana haja ya kuandika popote kwamba waandishi wasije. Anachagua kifungu tu.

Mwaka 2010 watu walianza kuona jambo hili kwa macho. Tarehe 20 Aprili mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi 11 wakafa, na mafuta yakatoka chini ya bahari kwa siku 87. Ukubwa wa doa la mafuta baharini hauonekani ukiwa ndani ya mashua; unaonekana ukiwa juu. Anga likafungwa hadi futi 3,000, na anayetaka kushuka chini ya hapo akaombe. Kampuni moja ya ndege ndogo ya Louisiana iliomba kumpeleka mpigapicha wa gazeti la New Orleans, jambo la kawaida kabisa katika biashara yake. Aliyepokea simu katika kituo cha pamoja cha serikali alikuwa mtu aliyefanya kazi chini ya kampuni ya BP, na jibu likawa hapana. Mwenye kumwaga mafuta ndiye aliyepokea simu ya mwenye kutaka kuyaona. Serikali ilieleza baadaye kwamba ndege zilikuwa nyingi na hatari ya kugongana ilikuwepo, jambo ambalo silikanushi. Lakini hatari ya kugongana haielezi kwa nini simu ipokewe na mtu wa kampuni.

Ferguson ni mji mdogo katika jimbo la Missouri, jirani na St. Louis. Tarehe 9 Agosti 2014, siku ya Jumamosi adhuhuri, askari polisi Mzungu alimpiga risasi na kumuua kijana Mweusi wa miaka 18 aitwaye Michael Brown. Maiti yake ililala barabarani kama saa nne, katika joto, majirani wakitazama. Sijui kama yupo mzazi katika nchi yoyote asiyeweza kufahamu kilichofuata. Maandamano yakaanza, duka moja likachomwa moto, na polisi wakaja na magari ya deraya, bunduki za kivita na mabomu ya machozi. Tarehe 13 waandishi wawili wa habari walikamatwa ndani ya mkahawa walipokuwa wakiandika habari zao, na usiku huohuo watangazaji wa Al Jazeera wakatupiwa bomu la machozi mahali walipoweka kamera. Hayo ya ardhini dunia iliyaona.

Ya angani haikuyaona. Tarehe 12 Agosti, kwa ombi la polisi wa wilaya ya St. Louis, mamlaka ya anga ilitoa amri ya kulifunga eneo la maili za mraba 37, karibu kilomita za mraba 96, chini ya kimo cha futi 3,000. Amri hiyo ilidumu, kwa kurefushwa, hadi tarehe 22. Kifungu kilichotumika ni kile cha kwanza, kisicho na mlango wa waandishi. Polisi walisema helikopta yao imepigwa risasi. Kwa siku hizo zote hapakuwa na picha za helikopta za habari zinazoonyesha umati ulikuwa na watu wangapi, magari ya deraya yalisimama wapi, nani alisogea kwanza, moshi ulitokea upande gani. Simu za mkononi zilikuwapo tele, lakini aliyeshika simu huona mgongo wa aliye mbele yake.

Wakati ule wengi walishuku, na kushuku si ushahidi. Ushahidi ulitoka mahali ambapo sikutegemea. Simu za maofisa wa mamlaka ya anga hurekodiwa, kwa sababu ndege ikianguka wachunguzi watataka kujua nani alisema nini. Shirika la habari la Associated Press likaomba rekodi hizo kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, sheria ambayo Marekani imekuwa nayo tangu 1966, na tarehe 2 Novemba 2014 likachapisha yaliyomo. Ofisa mmoja wa mamlaka huko Kansas City alisikika akisema kwamba polisi hatimaye wamekiri kuwa shabaha yao ilikuwa kuwaweka waandishi mbali. Alieleza kwamba hawakujali ndege za abiria zikipita hapo mchana kutwa, ila hawakutaka vyombo vya habari. Amri ya awali ilikuwa ya kimo cha juu zaidi, nayo ingevuruga ndege zinazotua uwanja mkubwa wa St. Louis, hivyo ikapunguzwa ili ndege hizo zipite. Mwingine akalalamika kwamba katika fomu zao hakuna nafasi ya kuandika amri inayosema watu wote ruksa isipokuwa waandishi. Na ile habari ya helikopta kupigwa risasi? Ndani ya rekodi iliitwa uvumi usiothibitishwa. Polisi wenyewe, walipoulizwa na shirika hilo, walisema helikopta haikuharibika, na hawakuweza kutoa taarifa ya maandishi ya tukio.

Mkuu wa mamlaka ya anga, Michael Huerta, alijibu kwamba mamlaka yake haiwezi na haitapiga marufuku waandishi peke yao, na kwamba waandishi hawakuzuiwa kuripoti habari za Ferguson. Neno lake lina ukweli wa namna yake. Hakuna aliyeandika kwamba waandishi hawaruhusiwi, kalamu hazikunyang'anywa, gazeti halikufungiwa, mhariri hakuitwa ofisini. Katiba ya Marekani tangu 1791 inakataza kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa magazeti, na mwaka 1931 Mahakama yao ya Juu ilikataa serikali kuzuia gazeti kabla halijachapishwa. Mwaka 1972 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba uhuru wa kuchapisha hauna maana kubwa kama kutafuta habari hakuna kinga yoyote, ingawa siku hiyo waandishi walishindwa shauri. Yote hayo yalibaki kama yalivyo. Kilichofungwa ni mahali.

Hapa nitatoka nje ya Marekani kidogo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkufunzi kijana, wanachuo wangu walikuwa na gazeti la ukutani. Lilibandikwa kila Ijumaa kwenye ukuta wa bwalo, na watu walilisoma wakiwa na sahani mkononi. Wiki moja mwanachuo aliandika habari ya maharage yaliyobunguliwa, akahesabu magunia yaliyopokelewa na magunia yaliyofika jikoni, na hesabu hizo mbili hazikulingana. Nami niliipitia hesabu yake, ilikuwa sahihi. Jumatatu iliyofuata ofisi iliyokuwa juu yetu ikaagiza ukuta wa bwalo upakwe rangi, na kwa ajili ya kutunza rangi mpya pasibandikwe kitu. Hakuna aliyesema gazeti limekatazwa. Tulipoomba ukuta mwingine tukaambiwa tungoje utaratibu. Rangi yenyewe, namkumbuka fundi, ilipakwa upande mmoja tu, ule wa gazeti. Mwanachuo yule alimaliza, akafundisha hisabati mpaka akastaafu, na tukikutana bado ananiita mwalimu na bado ananiuliza habari za utaratibu.

Kwa hiyo niliposoma habari ya ofisa aliyetafuta nafasi katika fomu, nilimtambua.

Wapo watakaosema picha za juu ni anasa, kwamba mwandishi hodari atapata habari kwa miguu. Mfano wa Mohamed Amin unatosha kuwajibu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo Dar ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Mwaka 1984 Ethiopia ya kaskazini ilikuwa na njaa kubwa katikati ya vita, na serikali ya Mengistu, iliyokuwa ikijiandaa kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi mwezi Septemba, haikuwa na haraka ya kuwapa waandishi vibali vya kwenda huko. Bila kibali hupandi ndege, na bila ndege hufiki. Amin alihangaika mpaka yeye na Michael Buerk wa BBC wakapata vibali na nafasi katika ndege ya shirika la misaada. Picha alizozipiga Korem na Mekele zilionyeshwa tarehe 23 Oktoba 1984, na dunia ikaamka. Njaa ile haikuanza siku hiyo. Watu walikuwa wakifa kwa miezi mingi, na waliojua walikuwapo. Kila siku ambayo kibali kilikaa mezani ina hesabu yake, ingawa hakuna atakayeipata.

Siku hizi helikopta si lazima tena. Droni, ambazo hapa kwetu wengine huziita ndege nyuki, zimekifanya chombo cha angani kuwa kitu cha kubeba katika mkoba. Marekani iliweka kanuni za droni ndogo za kazi zilizoanza kutumika tarehe 29 Agosti 2016, na kimo chake ni futi 400, kilekile alichoshukia askari wa Florida. Mwaka huohuo, huko North Dakota, watu wa kabila la Sioux wa Standing Rock na waliowaunga mkono walikuwa wamepiga kambi kupinga bomba la mafuta kupita karibu na maji yao. Usiku wa tarehe 20 Novemba polisi waliwamwagia maji ya mipira katika baridi ya kugandisha, na droni za Wahindi Wekundu wenyewe zilipiga picha. Katika majira hayo mamlaka ya anga ililifunga anga la pale zaidi ya mara moja. Nitakuwa si mwadilifu nisipoongeza kwamba droni nyingine zilisogea karibu mno na ndege za polisi, na kwamba droni mikononi mwa mtu mwenye hasira ni kitu cha kuogopwa. Nchi zetu pia zinadai kibali, na sioni ubaya wa kibali chenyewe. Swali langu kwa ofisa wa popote ni hili: kibali kikikataliwa, sababu imeandikwa wapi, na nani ataisoma?

Jimbo la Texas lilitunga sheria yake mwaka 2013. Iliharamisha kutumia droni kupiga picha za mtu au mali ya mtu kwa nia ya kumchunguza, kisha ikaorodhesha watu walioruhusiwa. Waandishi wa habari walikwenda mahakamani, wakashinda mwaka 2022, na serikali ya jimbo ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2023 mahakama ya rufaa iliirudisha sheria ile. Kuhusu maeneo ambayo droni imekatazwa kuruka, majaji walisema kwamba kurusha droni si kusema neno lolote, kwa hiyo katazo hilo halihusu uhuru wa kusema. Niliitafuta ile orodha ya walioruhusiwa. Maprofesa na wanafunzi wao wamo, kwa ajili ya utafiti. Madalali wa nyumba wamo, kwa ajili ya matangazo yao, kwa masharti. Mwandishi wa habari hakutajwa.